GTX 1650, RX 6400 au RTX 3050: kuchagua kadi ya grafiki kwa kompyuta iliyotoka ofisini

Ukitafuta kompyuta ya gemu kwa pesa kidogo Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, mara nyingi utaangukia kwenye mashine zilizokuwa zikitumika maofisini Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara. Nyingi zina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne hadi cha sita na RAM ya GB 8, na kinachokosekana ni kadi ya grafiki tu. Hapo ndipo pesa za vijana wengi hupotea, kwa sababu wanaanza kwa kuuliza kadi ipi ina nguvu zaidi, wakati kasha la kompyuta limeshaamua nusu ya jibu. Kadi nzuri isiyoingia kwenye kasha, au isiyopata umeme wa kutosha, ni hasara tupu.

Nitalinganisha kadi sita ambazo mtu wa bajeti ndogo hukutana nazo sana. Lakini kabla ya kadi, tufungue kasha.

## Kasha linakuruhusu nini

Kompyuta hizi huja kwa maumbo matatu. Ile ndogo kabisa, ambayo hufungwa nyuma ya monita, haina sloti ya kadi. Kama lengo lako ni gemu, iache dukani hata ikiwa bei inavutia. Ile nyembamba ya kati, ambayo kwenye karatasi zake huandikwa SFF, inapokea kadi fupi tu, zile ambazo bati lake la nyuma lina urefu wa karibu sentimita 8 badala ya 12. Ile ndefu inayosimama, MT, inapokea kadi za kawaida.

Kwenye SFF kuna kikwazo kingine ambacho wauzaji wengi hawakitaji. Katika baadhi yake, sloti ndefu ya x16, yaani mlango wa kadi (PCIe) wenye njia 16 za kupitisha data, imekaa kando kabisa, imebanana na pawa saplai. Kadi yenye feni nene hukalia nafasi ya sloti mbili, kwa hiyo haitaingia pale hata kama ni fupi. Fungua mfuniko, tazama upande wa chini wa sloti hiyo, na uhakikishe kuna nafasi ya sloti moja au mbili kabla hujatoa senti.

Sasa umeme. Sloti ya x16 kwa kawaida inaweza kutoa hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo inahitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai: wa pini 6 unaongeza wati 75, wa pini 8 unaongeza 150. Pawa saplai za kompyuta za ofisini kwa kawaida hazina waya hizo. OptiPlex 9020 MT, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 290, na ndugu yake ya SFF ina wati 255. Zilitengenezwa kwa ajili ya karatasi za hesabu na barua pepe. Tena, baadhi ya SFF zimewekewa kikomo cha chini ya wati 75 kwenye sloti yenyewe; kitabu cha kiufundi cha modeli yako kinapatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji, na ukurasa wa sloti unastahili dakika tano zako.

Kama mashine imeshabadilishwa pawa saplai, usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma jedwali dogo kwenye lebo, mstari wa +12V, kwa sababu prosesa na kadi hula hapo. Pawa saplai iliyoandikwa 500W lakini mstari wake wa +12V una ampea 18 inatoa 12 mara 18, yaani wati 216. Hizo ndizo wati zako. Nyingine ni rangi tu kwenye boksi.

Na tafadhali, ukiambiwa na fundi kwamba waya wa pini 6 utapatikana kwa kuunganisha waya wa SATA, ule unaopeleka umeme kwenye diski, kataa. Kichwa cha SATA kina uwezo wa wati 54 kwenye 12V, na kadi inaweza kuvuta 75 kupitia hapo. Plastiki inayeyuka, na ikishika moto haichagui chumba cha nani.

## Kadi zenyewe

| Kadi | Mwaka | Kumbukumbu | Umeme | Waya wa ziada | Njia za PCIe |
|---|---|---|---|---|---|
| GT 1030 | 2017 | GB 2 | wati 30 | hapana | x4 |
| GTX 1050 Ti | 2016 | GB 4 | wati 75 | nyingi hapana | x16 |
| GTX 1650 | 2019 | GB 4 | wati 75 | baadhi ndiyo | x16 |
| RX 6400 | 2022 | GB 4 | wati 53 | hapana | x4 |
| RTX 3050 ya GB 6 | 2024 | GB 6 | wati 70 | hapana | x8 |
| RX 580 | 2017 | GB 8 (zipo za 4) | wati 185 | ndiyo | x16 |

Anza na GT 1030, maana ndiyo inayosukumwa sana kwa mnunuzi mgeni. Inaingia kila mahali, haili umeme, na maboksi yake yanapendeza. Ila zipo mbili zenye jina moja. Ya mwaka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata ikaja nyingine yenye DDR4, inayopitisha GB 16.8 tu. Jina ni lilelile, kasi ni theluthi moja. Hata ile nzuri ina GB 2, na gemu za sasa zinaimaliza haraka. Inafaa kwa kutazama video na gemu za zamani. Kwa gemu za leo, weka pesa hizo kando hadi zifikie kadi ya juu yake.

## 1050 Ti dhidi ya 1650

Kwa miaka mingi GTX 1050 Ti ilikuwa jibu la kila swali la aina hii. Haina haja ya waya, ina GB 4, na ipo katika matoleo mafupi kwa ajili ya SFF. EA Sports FC 25 inaitaja kama kiwango cha chini, na GTA V inachezeka juu yake vizuri kabisa.

Kilichobadilika ni draiva, programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Nvidia, mtengenezaji wa chipu za kadi za GT, GTX na RTX, ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za familia ya Maxwell na Pascal, ikiwemo 1050 Ti na GT 1030, zingepata draiva ya mwisho ya gemu Oktoba 2025, na baada ya hapo marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kadi haifi siku hiyo. Gemu ulizonazo zitaendelea. Ila gemu mpya ikija na hitilafu kwenye kadi hiyo, hakuna atakayekaa kuirekebisha.

GTX 1650 ni ya familia ya Turing, ambayo haimo kwenye orodha hiyo. Ina viini (vitengo vidogo vya kukokotoa) 896 dhidi ya 768, muundo mpya zaidi, na kwenye gemu nyingi inaipita 1050 Ti kwa kati ya robo na theluthi. Kwa hiyo isipokuwa 1050 Ti ni ya bei ya chini mno, mimi naona hakuna sababu ya kuichukua leo. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, usifikirie mara mbili.

Ukienda kununua 1650, angalia mambo mawili. Kuna yenye GDDR5 na kuna yenye GDDR6 iliyokuja 2020. Ya pili inapitisha GB 192 kwa sekunde dhidi ya 128, kwa hiyo bei zikilingana chukua hiyo. Pili, watengenezaji wengine waliiwekea tundu la pini 6 ili kuiongezea kasi kidogo. Kwenye mashine ya ofisini tundu hilo ni tatizo, maana kadi yenye tundu hilo haitafanya kazi bila waya wake. Mwombe muuzaji picha ya ukingo wa juu wa kadi, siyo ya boksi.

## 1650 dhidi ya RX 6400

Hapa ndipo pana ubishi, na hapa ndipo utangamano unaonekana kwa macho.

Kwenye karatasi RX 6400 inapendeza sana. Inakula wati 53 tu, haina haja ya waya, na yapo matoleo mafupi ya sloti moja, kama Sapphire Pulse, ambayo yanaingia hata kwenye ile sloti iliyobanana na pawa saplai. GTX 1650 fupi karibu zote ni za sloti mbili. Kwa mwenye SFF ya namna hiyo, RX 6400 inaweza kuwa ndiyo pekee inayoingia kati ya kadi za gemu za kueleweka.

Lakini ina njia nne tu za PCIe. Iliundwa kwa kompyuta za kizazi cha PCIe 4.0, ambamo njia nne hupitisha karibu GB 8 kwa sekunde. Kwenye i5 ya kizazi cha nne, ambayo ni PCIe 3.0, inabaki GB 4. Ukiitia kwenye i5-2400 ya kizazi cha pili, ambayo ni PCIe 2.0, inabaki GB 2. Wakati gemu inatosheka na GB 4 zilizo juu ya kadi, hutaona tofauti kubwa. Zikijaa, kadi inaanza kuchota kutoka kwenye RAM ya kompyuta kupitia mlango huo mwembamba, na picha inaanza kukwamakwama hasa unapogeuka ghafla au unapoingia eneo jipya. GTX 1650 nayo ina GB 4, lakini njia zake ni 16, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani inavumilia zaidi.

Dosari ya pili inawahusu wanaorekodi. RX 6400 haina sehemu ya kusimba video, yaani kuibana picha ya gemu iwe faili la video, na GT 1030 vilevile haina. Kama unataka kurusha gemu moja kwa moja YouTube au kurekodi klipu za TikTok, kazi hiyo itaangukia prosesa, na i5 ya viini vinne ina kazi ya kutosha tayari. GTX 1650 inaifanya kazi hiyo yenyewe.

Msimamo wangu: kwenye MT, au SFF yenye nafasi ya sloti mbili, chukua 1650. Kwenye SFF ya nafasi moja yenye prosesa ya kizazi cha tatu au zaidi, chukua RX 6400 na upunguze ubora wa picha kwenye mipangilio ya gemu ili usijaze kumbukumbu. Kwenye kizazi cha pili, badili kompyuta kwanza.

## RTX 3050 ya GB 6

Hii ilitoka Februari 2024, na ndiyo kadi niliyokuwa nikiitamani kwa ajili ya mashine hizi tangu zamani. Wati 70, hakuna waya, GB 6 za kumbukumbu, na yapo matoleo mafupi. Inaizidi 1650 waziwazi, na ina DLSS, ufundi wa kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili ya mashine ili upate fremu nyingi zaidi. Kwenye kadi ndogo ufundi huo una thamani kubwa kuliko kwenye kadi za matajiri.

Tahadhari ni ya jina. Kuna RTX 3050 nyingine, ya GB 8, iliyotangulia mwaka 2022, yenye viini vingi zaidi lakini inayokula wati 130 na kutaka waya. Mtu akikuandikia "RTX 3050" bila kutaja GB, muulize. Kwenye OptiPlex yenye pawa saplai ya asili, ile ya GB 8, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, haitafaa.

Bei yake ni ya juu kuliko zote nilizotaja za bila waya, na mara nyingi inauzwa mpya, siyo ya mtumba. Kama bajeti inaruhusu, inunue na usiangalie nyuma: siku utakapohamia kompyuta mpya utaihamisha, na kule njia zake nane za PCIe 4.0 zitatumika zote.

Wapo watakaokutajia Intel Arc A380, nayo ya GB 6. Kwenye kompyuta mpya si mbaya. Ila Arc inategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na mashine za kizazi cha nne hadi cha sita kutoka ofisini hazikuja nacho. Bila hicho kasi inaporomoka. Ipite.

## RX 580 na hesabu ya umeme

Ukitazama nguvu kwa shilingi, RX 570 na RX 580 za mtumba zinawashinda wote kwenye jedwali isipokuwa 3050, na wakati mwingine hata hiyo. GB 8 za kumbukumbu kwa bei ya kadi ndogo! Zilijaa sokoni kwa sababu maalumu: tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha uchimbaji kwa kadi za grafiki, na maelfu ya kadi zilizokuwa zikikesha kazini zikauzwa.

Fanya hesabu kabla ya kushawishika. RX 580 ni wati 185. Core i5-4570 ni wati 84. Jumla 269, hujaweka diski, feni, RAM wala mazabodi. Pawa saplai ya 9020 MT ni 290, na haina waya wa kadi. Kwa hiyo RX 580 maana yake ni pawa saplai mpya, na hapo utakutana na kero nyingine: mazabodi ya OptiPlex 9020 hupokea umeme kwa kichwa cha pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 kwa pini 6 za namna yake, wakati pawa saplai za kawaida madukani zina pini 24. Utahitaji waya wa kugeuza. OptiPlex 7010 MT ni rahisi zaidi, inapokea pini 24 kama kawaida. Jumlisha kadi, pawa saplai ya maana na waya wa kugeuza, kisha linganisha na 3050. Mara nyingi tofauti inayobaki ni ndogo sana.

Nisieleweke vibaya. Kama unaunda kompyuta yako kutoka mwanzo, kwenye kasha la kawaida na pawa saplai nzuri, RX 580 ina nafasi, ingawa AMD, mtengenezaji wa chipu za kadi za RX, nayo imeshapunguza huduma ya draiva kwa familia hiyo. Na kama pesa inasogea kidogo mbele, RX 6600 ya mwaka 2021, yenye GB 8 na wati 132, iko mbali sana juu ya RX 580 huku ikila umeme mdogo.

Jihadhari na RX 580 iliyoandikwa 2048SP. RX 580 halisi ina viini 2304. Ile ya 2048SP ni RX 570 iliyopewa jina la kaka yake. Ni kadi nzuri ikiuzwa kwa bei ya 570.

## Kadi za bandia

Hili linaniuma kwa sababu wanaoumizwa ni watoto waliokusanya pesa ya likizo nzima. Kadi za kale sana, kama GTS 450 na GTX 550 Ti za miaka ya 2010 na 2011, huandikiwa biosi mpya (programu ya ndani inayoitambulisha kadi) na kubandikwa stika ya GTX 1050 Ti. Windows inasoma jina la uongo na kukuonyesha 1050 Ti. Ukifungua gemu, inakwama.

Dalili ya kwanza iko nyuma ya kadi. Tangu familia ya Pascal, Nvidia iliondoa mawimbi ya VGA kwenye chipu zake. Kadi inayojiita 1050 Ti huku ina tundu la VGA la bluu itilie shaka papo hapo. Dalili ya pili inatoka kwenye GPU-Z, programu ndogo ya bure: tangu mwaka 2018 inatambua chipu za zamani zilizogeuzwa jina na kuandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Iweke kwenye flashi unapokwenda dukani. Muuzaji mkweli hatakuzuia kuifungua.

Tundu hilo la VGA linaleta suala jingine. Monita nyingi za mtumba zina VGA peke yake, na kadi halisi za leo zina HDMI na DisplayPort. Utahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, siyo waya mtupu, au monita nyingine. Ingiza gharama hiyo kwenye hesabu mapema.

## Siku ya kufunga

Ukishafunga kadi, chomeka monita kwenye kadi, siyo kwenye tundu la zamani la mazabodi. Skrini ikibaki nyeusi kwenye mashine ya kizazi cha tatu au cha nne, usikimbilie kusema kadi ni mbovu. Rudisha monita kwenye tundu la mazabodi, pakua biosi mpya kabisa ya kompyuta yenyewe kutoka tovuti ya Dell, HP au Lenovo, isasishe umeme ukiwa wa uhakika, kisha ujaribu tena. Biosi ya zamani na kadi ya kizazi kipya mara nyingine hazielewani hadi hapo.

RAM iwe vipande viwili vya GB 4 au viwili vya GB 8, siyo kimoja peke yake. I5 inapata njia mbili za kuvuta data na fremu zinatulia. FC 25 inataka GB 8 kama kiwango cha chini, na inataja i5-6600K upande wa prosesa, kwa hiyo mwenye kizazi cha nne ajue kadi peke yake haitamfikisha kila mahali. Kama bado hujanunua kompyuta, tafuta ya kizazi cha nane: Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi hicho kwa Intel.

Unaponunua kadi ya mtumba, omba iwashwe mbele yako na gemu ichezwe kwa robo saa nzima, GPU-Z ikiwa wazi kwenye ukurasa wa vipimo. Tazama joto likipanda na mahali linapotulia. Likikaa chini ya nyuzi 80 na feni zote zinazunguka bila kelele ya chuma, lipa. Likipita 90, au picha ikitoa vidoti vya rangi, mshukuru muuzaji na uende duka la pili.